Kazi nje ya karakana: namna ya kutumia grainda, drili na vifaa vingine vya umeme kwa mteja

Maswali haya yanarudi kila kijana mpya anapopata kazi yake ya kwanza nje ya karakana. Mbona grainda yangu inakata vizuri Ngamiani, nikiipeleka kwa mteja Sahare inasuasua? Ekstensheni ya kuchajia simu itatosha? Ninunue drili ya betri au ya waya? Umeme ukikatika jiwe (diski ya grainda) likiwa ndani ya chuma nifanyeje? Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa fundi anayeanza hapa Tanga anayebeba mashine kwenye boda na kwenda kurekebisha geti, mlango, grili ya dirisha, dari au boti ya mtu.

Shika hili kabla ya yote. Karakanani unaijua soketi yako, unajua waya wake umepita wapi na nani aliuvuta. Kwa mteja hujui hata kimoja. Mashine ni ileile na mikono ni ileile, lakini umeme ni mgeni kwako, sakafu ni ngeni na paa ni geni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu umeme unaofika kwenye mashine kuliko mashine yenyewe.

Mipaka yake pia uijue. Hapa tunazungumzia kutoboa, kukata, kusaga, kuranda na kufunga skrubu. Waya za ndani ya nyumba, soketi iliyoungua na ubao wa fyuzi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mteja akikuambia "na hiyo soketi nitazamie hapohapo", mwambie atafute mwenye kazi yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Ekstensheni nene ya shaba, ya nyuzi tatu, yenye unene wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 25 hadi 30. Hii ndiyo mali yako ya kwanza. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu baada ya grainda, nunua waya mzuri kabla ya kununua mashine ya pili.
- Kikata umeme cha kuchomeka, kile kilichoandikwa RCD, cha miliampea 30. Umeme ukivuja kupitia mwilini mwako kwenda ardhini, kinakata kabla moyo haujadhurika. Nyumba nyingi za zamani hazina.
- Testa na mita ya kupimia volti. Mita ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii.
- Miwani ya kazi inayofunika pembeni, viziba masikio, barakoa ya vumbi, viatu vigumu vilivyofunika vidole. Kandambili ziache nyumbani.
- Mawe ya akiba, biti za chuma, za ukuta na za mbao kila moja kwenye kifuko chake, ufunguo wa drili, spana ya grainda, klampu mbili.
- Ndoo ya maji au mchanga na gunia lililolowa, kwa ajili ya cheche.
- Turubai kavu na kipande cha mbao cha kuwekea vifaa visikae chini.

Glovu nimeziacha kwa makusudi. Za ngozi zinazobana mkono ni nzuri kwa kukata na kusaga. Kwenye drili, glovu iliyolegea hukamatwa na biti na kuvuta mkono wote, kwa hiyo zivue.

Betri au waya?

Kwa drili na skrubu, nunua ya betri. Utatoboa juu ya ngazi bila kuburuta waya, na siku umeme ukikatika kazi inaendelea. Kwa grainda ya kukata chuma kutwa nzima, ya waya bado inashinda, kwa sababu betri moja huisha haraka mno ukikata bomba nene.

Ufukweni hakuna mjadala. Boti ikiwa imepandishwa mchangani Deep Sea au Kigombe, tumia ya betri tu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme vizuri sana, na wewe umesimama juu yake huku suruali imelowa hadi magotini. Ukitoka na waya nyumba ya jirani kuuleta pwani, mkato mmoja mdogo kwenye ganda lake unatosha kuua. Kama huna ya betri, mwambie mwenye boti ngoja, au toboa kwa keekee ya mkono.

Betri nazo zina masharti. Nyingi za lithiamu zimeandikwa zisichajiwe joto likizidi nyuzi 40. Kati ya Desemba na Machi, boksi lililoachwa juani nyuma ya bajaji linapita hapo bila shida. Ikiwa betri ina moto ukiishika, iweke kivulini ipoe kwanza, ndipo uichomeke kwenye chaja.

Hatua kwa hatua

1. Uliza kwa simu kabla ya kupanda boda. Nyumba ina umeme na Luku ina uniti? Soketi iliyo karibu iko hatua ngapi kutoka kwenye kazi? Paa ni bati au makuti? Ukuta ni wa tofali au ni nyumba ya zamani ya mawe? Majibu haya manne yanakuamulia ubebe nini. Aliyekwenda Tongoni bila kuuliza akakuta soketi pekee iko nyumba ya tatu, amepoteza nauli na siku.

2. Ukifika, piga hodi, salimia, kisha uliza meni swichi iliko. Usione haya kuuliza mapema. Kwenye nyumba za kupanga, mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo mama. Naomba nioneshe meni swichi kabla sijaanza."

"Marahaba mwanangu. Iko chumba cha mbele, kwa mpangaji. Na funguo anayo yeye, ameenda sokoni."

Hapo kazi haijaanza. Msubiri mpangaji. Ikitokea shoti, kitu cha kwanza unachohitaji ni kuzima nyumba nzima, na huwezi kuzima kilichofungiwa chumbani mwa mtu asiyekuwepo.

3. Ikague soketi. Itazame kwa macho: imepasuka, ina weusi wa moto, inacheza ukutani? Ikiwa hivyo, tafuta nyingine. Pima volti. Umeme wetu ni volti 230. Ukikuta chini ya 200 kabla hata hujawasha kitu, usilazimishe mashine kubwa. Injini itavuta ampea nyingi, itapata moto, na roto, ile sehemu inayozunguka ndani ya injini, itaungua. Jioni ndiyo mbaya zaidi, watu wanapokuwa wamewasha feni, friji na majiko kwa pamoja. Kazi nzito ya kukata ifanye asubuhi.

Piga hesabu ndogo: gawa wati za mashine kwa 230, utapata ampea. Grainda kubwa ya inchi 9 yenye wati 2,400 inavuta zaidi ya ampea 10. Soketi ya kawaida ya pini tatu za mraba ni ya ampea 13. Kwa hiyo ukiwasha grainda hiyo huku kwenye ekstensheni ileile mama amechomeka jiko au pasi, umeshazidi.

4. Kunjua waya wote. Hata kama kazi iko mita tano kutoka kwenye soketi, waya wote utoke kwenye rola. Waya uliojiviringisha unashindwa kupoa, na ukifanya kazi nzito ganda linayeyuka katikati ya rola pasipo wewe kuona. Upitishe pembeni mwa ukuta, usipite chini ya mlango unaofungwa wala kwenye dimbwi. Kiungo cha plagi na ekstensheni kiweke juu ya kipande cha mbao.

Na hapa ndipo lilipo jibu la yule wa Sahare. Waya mwembamba unakula umeme njiani. Chukua ekstensheni ya mita 50 na mashine inayovuta ampea 10. Ikiwa waya ni wa milimita za mraba 0.75, kama zile nyembamba za madukani, unapoteza volti 23 hivi. Ukiwa wa 1.5 unapoteza kama 12. Ukiwa wa 2.5 unapoteza 7 tu. Sasa jumlisha na kwamba umeme wenyewe mwisho wa laini unafika 210: kwa waya ule wa 0.75, grainda yako inapata 187. Lazima isuasue.

5. Chomeka RCD kwenye soketi, kisha ekstensheni kwenye RCD. Bonyeza kitufe chake cha kujaribu, kikate. Kisipokata kimekufa, usikiamini.

Sasa kosa ninaloliona karibu kila mahali. Mashine imekuja na plagi ya pini mbili, soketi ni ya matundu matatu, fundi anachomeka njiti au bisibisi kwenye tundu la juu ili yale mawili yafunguke. Wengine hukata plagi kabisa, wanachomeka nyuzi tupu na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti. Acha. Plagi ya mraba yenye fyuzi ndani inauzwa kila duka la vifaa vya umeme mjini. Ifunge siku hiyohiyo unayonunua mashine. Ndani yake iwe fyuzi halisi, kamwe isiwe kipande cha waya au msumari.

Utaona grainda na drili nyingi zina nyuzi mbili tu, hazina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Tazama kibandiko: kama kuna alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa na kinga mbili na haihitaji ethi. Isipokuwa na alama hiyo na mwili wake ni wa chuma, lazima iwe na nyuzi tatu zinazofanya kazi.

6. Safisha eneo la cheche. Cheche za grainda zinaruka mita kadhaa na zinafika bado zina moto. Kwetu hatari kubwa ni makuti. Usikate chuma chini ya paa la makuti wala kwenye uga uliozungukwa na ua wa makuti makavu. Kitoe kitu nje, kikatie mahali wazi, ukiupa upepo mgongo. Kusi au kaskazi ikivuma, cheche zinakwenda usikotarajia. Nyavu, magodoro, mkonge, dumu la petroli ya mashine ya boti: vyote viondolewe kabisa, kuvisogeza kidogo hakutoshi. Cheche pia hunata kwenye vioo na vigae na kuacha madoa yasiyofutika, kwa hiyo funika dirisha na gari la mteja kwa turubai au gunia lililolowa.

Watoto na majirani wanaokuja kutazama wasimame mbali, pembeni. Wasikae kwenye mstari wa jiwe.

7. Chagua jiwe sahihi. Hapa sina simile, kwa sababu ndipo watu wanapopasuliwa uso. Kila jiwe limeandikwa mizunguko ya juu linayoweza kuhimili kwa dakika, na mashine imeandikwa mizunguko yake. Ya jiwe lazima ilingane au izidi ya mashine. Jiwe la milimita 115 kwa kawaida linahimili 13,300. La milimita 180 ni 8,500 tu. Grainda ndogo inazunguka 11,000 hivi. Kwa hiyo fundi anayevua kinga ya grainda ndogo ili apachike jiwe kubwa, eti likate ndani zaidi, amefunga kitu kitakachopasuka mbele ya uso wake. Kinga haivuliwi. Mpini wa pembeni hauvuliwi.

Tazama pia tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya jiwe. Mawe ya kukatia chuma yana muda wa miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi yake hudhoofika, na unyevu wa pwani hauisaidii. Lililodondoka, lililolowa au lenye ufa, livunje ulitupe ili mwingine asilitumie.

Jiwe la kukatia lisitumike kusagia kwa ubavu. Na zile diski zenye meno ya msumeno zinazopachikwa kwenye grainda kukatia mbao, usizinunue kabisa. Zikikwama kwenye mbao zinairusha mashine kwako kabla hujafumba jicho. Mbao ina msumeno wake.

8. Fanya kazi.

Kwa grainda: bana chuma kwa klampu, usikikanyage kwa mguu. Simama pembeni ya mstari wa jiwe, mikono miwili. Washa, acha izunguke bure nusu dakika ukiwa umeielekeza mbali na watu. Ikitetemeka, zima. Shuka taratibu, usiikandamize wala kuipindisha ndani ya mkato. Panga mkato ili kipande kinachoanguka kifunguke. Kikijifunga kitalibana jiwe. Fikiri unakata paipu ya geti iliyolala juu ya matofali mawili. Ukikata katikati, pande zote mbili zinainamia ndani na jiwe linabanwa. Kata nje ya tofali, upande unaoning'inia, uanguke wenyewe.

Kwa drili kwenye chuma: piga alama kwa nyundo na ncha ngumu ili biti isiteleze, anza na biti ndogo, mwendo wa polepole, tone la oili. Biti inayotoa moshi mwingi huenda tayari imepoteza makali.

Kwa drili kwenye ukuta: tofali na zege vinataka biti ya ukuta na mwendo wa nyundo, yaani drili igonge huku ikizunguka. Lakini nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, usianze na nyundo. Chokaa ni laini, nyundo inabomoa tundu likawa kama kikombe na skrubu haishiki. Zungusha tu, biti ndogo kwanza. Ukigonga jiwe gumu ndipo uongeze nyundo kidogo. Usitoboe juu, chini wala pembeni sambamba na swichi au soketi, ndimo waya hupita. Katika nyumba ambazo waya umevutwa na watu wengi kwa miaka mingi, hata hiyo si hakika, kwa hiyo zima meni swichi na utoboe kwa drili ya betri.

9. Umeme ukikatika katikati. Zima swichi ya mashine kwanza, kisha chomoa plagi, kisha toa jiwe kwenye mkato. Usiiache imewashwa juu ya benchi ukaenda kunywa chai. Umeme ukirudi itaamka peke yake.

Ukitumia jenereta: iwe nje, mbali na milango na madirisha, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wamelala. Iwashe, iache itulie dakika chache, ndipo uchomeke mashine. Ukubwa: injini inapoanza huvuta mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, kwa hiyo jenereta ya wati 2,000 haifai kwa grainda ya wati 2,000. Inatosha kwa ndogo ya 800. Usijaze petroli ikiwa ya moto.

10. Funga kazi. Chomoa kabla ya kubadili jiwe au biti, na kabla ya kukusanya. Kaa eneo hilo dakika 30 baada ya mkato wa mwisho, ukitazama kama kuna moshi kwenye pembe, chini ya dari na kwenye takataka. Moto wa cheche hujificha kwanza. Ukitokea na ukakushinda, piga 114, Zimamoto.

Nyumbani, futa mashine kwa kitambaa kikavu na upulize vumbi kwenye matundu ya hewa. Kazi ya karibu na bahari isilale na chumvi yake hadi kesho.

Ikileta shida

*Mashine haina nguvu, sauti yake nzito.* Pima volti kwenye mwisho wa ekstensheni, mashine ikiwa inafanya kazi. Ikiwa zimeshuka sana kuliko soketini, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea. Ikiwa soketini penyewe ni chache, subiri au tumia jenereta.

*RCD inakata kila ukichomeka.* Usiikwepe. Chomoa mashine, acha ekstensheni peke yake. Ikikata bado, waya umelowa au umekatika ganda. Isipokata, mashine ndiyo inayovuja. Huenda imeingia maji au vumbi la chuma. Ikaushe na isafishwe. Ikiendelea, fundi aifungue.

*Cheche nyingi za buluu kwenye matundu ya nyuma, mashine inawaka na kuzima.* Kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye roto, zimeisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja, za ukubwa uleule. Ni kitu cha bei ndogo; ukichelewa zinakwangua roto, nayo ni ghali.

*Plagi au soketi ina moto ukiigusa.* Simamisha kazi. Pini zimelegea au mzigo umezidi. Hamia soketi nyingine na umwambie mwenye nyumba aite fundi umeme.

*Unahisi muwasho mdogo ukishika mashine.* Huo ni umeme unaovuja. Usiseme "ni kidogo tu". Chomoa na usiitumie tena hadi itengenezwe.

*Mwenzako amenaswa na umeme.* Usimguse. Zima meni swichi au chomoa plagi; ikishindikana, msukume atoke kwenye waya kwa mbao kavu, ukisimama pakavu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali, moyo unaweza kubadilika baadaye.

*Mvua imekukuta katikati ya kazi.* Wakati wa masika inakuja ghafla. Zima kwenye soketi kwanza, ndipo ukusanye waya. Mashine iliyolowa isiwashwe siku hiyo. Ifungue kifuniko cha kaboni, iweke mahali penye upepo na kivuli, na uijaribu kesho kupitia RCD. Mteja mwambie wazi kwamba utarudi.